Wasomaji Wauliza: Redio ya mkononi ya akiba botini

Barua tulizochagua mara hii zote zinahusu kitu kimoja: redio ndogo ya mkononi ya VHF, yaani ya mawasiliano ya vyombo vya baharini, ile inayobebwa ili redio kubwa ya chombo ikigoma pawe na nyingine. Mbili zilizouliza jambo lilelile tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Naendesha boti ya faiba, napeleka wageni Mnemba kutoka Nungwi. Redio yetu kubwa ni ya wati 25, imefungwa pale kwenye usukani. Tajiri amekubali tununue ya mkononi iwe akiba. Muuzaji mmoja wa mjini ananishikilia nichukue ya wati 6, eti ya wati 5 haifiki mbali. Anasema kweli? Na kingine cha kuangalia ni nini?
*Nahodha, Nungwi*

JIBU: Nahodha, huyo anakuuzia namba. Kati ya wati 5 na wati 6 anayekusikiliza upande wa pili hatambui tofauti yoyote. Kinachoamua VHF ifike wapi ni kimo cha antena, maana mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, hayajikunji kuufuata mgongo wa bahari. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kimo cha antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.2. Jibu ni maili za baharini mpaka kwenye upeo wako.

Ukiwa umeketi, antena ikiwa mita 1 juu ya maji, upeo wako ni maili 2.2. Simama, inua mkono mpaka antena ifike mita 2, unapata 3.1. Kisha jumlisha na upeo wa unayemwita. Mwenzako aliyesimama kwenye boti nyingine na redio kama yako naye ana 3.1, basi kwa hesabu mtasikizana hadi maili 6. Bahari ikichafuka na mawimbi yakimficha kila mmoja, tegemea 3 au 4. Meli ya mizigo yenye antena mita 25 juu ya maji ina upeo wa maili 11, kwa hiyo wewe uliyesimama unaifikia kwa maili 14 hivi. Kule kuinuka tu kumekuongezea karibu maili nzima. Hiyo wati ya sita haikupi hivyo.

Sasa turudi kwenye neno akiba. Redio kubwa hugoma kwa sababu chache zinazojulikana: betri inayowasha mashine ndiyo hiyohiyo inayolisha redio, ikilala zote zinalala, maji yameingia kwenye usukani na viungo vya waya vimeota kutu ya kijani, au antena imevunjika. Na boti ikipinduka, redio iliyofungwa inakwenda nayo. Basi akiba isishirikiane na boti kwa lolote. Iwe na betri yake na antena yake, na ikae kwenye jaketi okozi la nahodha. Ukiiweka kwenye droo, itazama pamoja na droo.

Kutokana na hilo, sifa ya kwanza unayonunua ni kuelea. Wengi hudhani redio isiyoingiza maji lazima ielee. Hapana. IPX7 maana yake imejaribiwa mita 1 chini ya maji kwa dakika 30. IPX8 inapita hapo, kina anakitaja mtengenezaji, mara nyingi mita 1.5. Redio nzuri kabisa yenye IPX8 inaweza kwenda chini kama jiwe, ikafika sakafuni ikiwa nzima na inafanya kazi. Uliza kama inaelea, na kama inawaka taa yenyewe ikigusa maji, maana kitu cheusi cha ukubwa wa mkono hakionekani usiku. Ukishainunua, ijaribu kwenye ndoo pamoja na kila utakachokining'iniza kwenye redio. Kulabu moja nzito ya chuma inatosha kuizamisha redio iliyokuwa ikielea vizuri.

Sifa ya pili ni betri. Saa zinazoandikwa kwenye boksi, kwa mfano saa 11 au 20, zimepimwa kwa mtindo wa asilimia 5 kutuma, 5 kupokea na 90 kukaa kimya. Siku ya shida hutumii redio hivyo, unaita na kuita tena. Kutuma kwa wati 5 kunakula takriban ampea 1.5, hivyo betri ya mAh 2,000 ikitumika kutuma tu inakauka kwa muda wa saa moja na robo. Tafuta redio inayouzwa pia na kisanduku cha betri kavu za AAA au AA. Nyingi zikiwa kwenye betri kavu hushuka zenyewe hadi wati 1, na hilo si baya: nguvu ndogo na antena iliyoinuliwa bado zinafika kwa walio karibu.

Kwa majina, za kawaida zinazoelea ni kama Icom IC-M25 na Standard Horizon HX210. Za daraja la juu, zenye GPS na kitufe cha dharura, ni kama Standard Horizon HX890 na Icom IC-M94D. Kwa boti inayobeba wageni tungekushauri hizi za daraja la juu. Sababu iko kwenye jibu la msomaji wa Tanga.

Na jambo moja la pembeni: usiiweke karibu na dira. Spika ina sumaku, nayo inavuta sindano. Mita 1 ndiyo nafasi inayoandikwa kwenye vijitabu.

SWALI: Simu yangu inashika mtandao karibu njia yote ninayopita. Ya nini nitumie pesa kwa redio?
*Mvuvi, Lamu*

JIBU: Simu inamwita mtu mmoja, tena umjuaye namba yake, naye awe ameiwasha. Chaneli 16, ile ya dharura na ya kuitana baharini, inawaita wote kwa mpigo, na atakayekufikia mapema ni boti iliyo maili mbili kutoka ulipo, ambayo nahodha wake humjui. Chombo cha uokoaji chenye kifaa cha kutafuta mwelekeo kinaweza pia kuyafuata mawimbi ya redio yako hadi ulipo. Kisha jaribu kubonyeza kioo cha simu kwa vidole vilivyolowa maji ya chumvi. Simu ibebe, ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, iwe ya tatu.

SWALI: Ninayo redio ya Kichina aina ya Baofeng, kijana wa fundi redio ameniwekea masafa ya 156.800 na naisikia bandari vizuri. Si ndiyo hiyohiyo VHF?
*Mzee wa jahazi, Wete* (na barua nyingine kama hii kutoka Kilwa Kivinje)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Masafa ni yenyewe: chaneli 16 ni megahezi 156.800. Kasoro ziko kwenye chombo kinachoyabeba. Redio hizi zilitengenezwa kwa matumizi ya nchi kavu. Ile ya kawaida, UV-5R, haizuii maji: tone linapita kwenye kitufe cha kuzungumzia au tundu la kipaza sauti, na chumvi inamaliza kazi kwa siku chache. Haielei. Antena yake fupi imetengenezwa ihudumie bendi mbili kwa pamoja, ya 136 hadi 174 na ya juu ya 400, kwa hiyo haiko sawasawa kwa bahari.

La hatari zaidi ni vitufe vyake vya namba. Mkono ukikibonyeza kimoja mfukoni redio inahama kutoka 156.800, na usipoangalia kioo huenda usijue umehama. Redio ya baharini ina kitufe chake cha 16: popote ilipo, bonyeza mara moja, uko chaneli 16 kwa nguvu ya juu. Mtu anayetetemeka kwa baridi gizani anahitaji kitu cha namna hiyo.

Halafu kuna sheria. Haijaidhinishwa kwa matumizi ya baharini, na kwa kuwa inaweza kutuma kwenye masafa yasiyo yako, ukikosea namba moja unaingia kwenye mawasiliano ya watu wengine. Kwa kusikiliza, endelea nayo. Na siku ukiwa unazama huna kingine, iwashe uite: kanuni za kimataifa za redio hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo.

Kwa msomaji wa Kilwa aliyeuliza pia kuhusu zile redio za jozi za kuchezea hotelini: hizo ziko karibu na megahezi 446. Hazizungumzi na chombo chochote cha baharini.

SWALI: Binamu yangu aliniletea redio ya mkononi kutoka Marekani. Chaneli 16 ni sawa, lakini kwenye chaneli nyingine nasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Na chaneli za WX hazitoi chochote. Je, ni mbovu?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Si mbovu, bado iko Marekani. Kuna seti mbili za chaneli, ya Marekani na ya kimataifa. Nyingi zinafanana, 16, 6, 8, 12, 14 na 72 zikiwemo. Lakini kuna chaneli ambazo kimataifa hutumia masafa mawili: chombo kinatuma kwenye moja, kituo cha nchi kavu kinajibu kwenye jingine lililo juu kwa megahezi 4.6. Chukua chaneli 22: kimataifa chombo hutuma 157.100 na kituo 161.700. Wamarekani wameifanya ya masafa mamoja, 157.100 kwa wote. Redio yako ikiwa huko inamsikia nahodha mwenzako na haiwezi kukisikia kituo.

Ingia kwenye menyu, tafuta seti ya chaneli, badilisha USA iwe INT. Kioo kitaonyesha INT. Angalia kila unapowasha, kwa sababu kwenye baadhi ya redio vitufe viwili vikibonyezwa pamoja vinairudisha. Kuna faida nyingine: seti ya Marekani hukushusha hadi wati 1 kwenye chaneli 13 na 67 hata kama umechagua nguvu ya juu. WX ni matangazo ya hali ya hewa ya Marekani na Kanada, huku hayapo.

Kabla ya yote, geuza adapta ya chaja usome maandishi yake. Ikiwa imeandikwa 100-240V, chomeka. Ikiwa ni 120V peke yake, umeme wa Kenya utaiunguza siku hiyohiyo, pengine na betri.

SWALI: Nimeona redio yenye kitufe chekundu kilichofunikwa, bei yake inakaribia mara mbili ya nyingine. Nalipia nini hasa? Na nimeambiwa bila namba ya MMSI haifanyi kazi.
*Mmiliki wa boti, Tanga*

JIBU: Unalipia DSC, yaani wito wa dharura unaotumwa kwa mfumo wa kidijitali kwenye chaneli 70. Inua kifuniko, shikilia kitufe sekunde 3 hadi 5 mpaka mlio ubadilike. Redio inatuma namba yako, mahali ulipo kwa GPS na saa, na inarudia yenyewe kila baada ya dakika 4 hivi mpaka ijibiwe. Kila chombo kilicho karibu chenye redio ya DSC kinapiga kelele na kuandika latitudo na longitudo zako kwenye kioo. Mtu aliyepigwa na wimbi kichwani hawezi kusoma tarakimu za GPS na kuzitamka bila kukosea. Redio inazisema kwa niaba yake.

Yapo matatu yanayoharibu. La kwanza ni hiyo MMSI. Bila namba hiyo ya tarakimu 9 inayokitambulisha chombo chako, kitufe chekundu hakitumi kitu. Usibuni wala usiazime ya boti nyingine, kwa sababu waokoaji wataitafuta boti hiyo. Namba za vyombo vya Tanzania huanza na 674 au 677, za Kenya 634. Kwa redio za mkononi zenye DSC, utaratibu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, umetenga namba zinazotangulizwa na 8. Mdhibiti wa mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ndiye wa kuanzia kwa leseni ya redio. Hapohapo uliza utapewa namba ya namna gani. Ingiza polepole: redio nyingi hukubali mara moja tu, ukikosea inabidi irudi kwa muuzaji.

La pili, GPS. Watu huizima kuokoa betri. Ikiwashwa upya baada ya wiki nyingi inaweza kuchukua dakika kadhaa chini ya anga wazi kabla ya kujua ilipo, na wito unaondoka bila mahali. Iache ikiwaka muda wote mko majini. La tatu, kitufe kubonyezwa kwa bahati mbaya. Usizime ukajificha. Futa kwenye menyu kama redio inaruhusu, kisha nenda chaneli 16 useme jina la chombo, MMSI, na kwamba wito wa saa fulani ulikuwa wa makosa.

Baada ya kubonyeza kwa shida ya kweli, sema kwenye 16, redio ikiwa wima, sentimita 5 hivi kutoka mdomoni, na mwili wako usikae kati ya antena na unakotaka kufika:

«MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hii ni boti Subira, Subira, Subira. MAYDAY, Subira. Tuko maili 4 mashariki ya mnara fulani. Tunaingiza maji, mashine zimezima. Tunahitaji kuokolewa. Watu 9, wote wamevaa jaketi. Boti nyeupe, paa la buluu. Over.»

Achia kitufe usikilize. Kosa la wengi ni kuendelea kukibana: ukibana unatuma, husikii anayekujibu. Neno MAYDAY halibadiliki. Yanayofuata yaseme Kiswahili kwa boti za hapa, kisha urudie kwa Kiingereza, maana meli iliyo karibu inaweza kuwa na mabaharia wa Ufilipino.

SWALI: Tuna boti ya tanga yenye mlingoti, antena iko juu kabisa. Redio kubwa ikifa, naweza kuchomeka ya mkononi kwenye antena hiyo?
*Msomaji, Msasani, Dar es Salaam*

JIBU: Ndiyo, na ni katika hila bora za akiba. Antena ya mita 12 ina upeo wa maili 7.6, zaidi ya mara mbili ya ile ya mkononi mwako. Waya nao unakula nguvu: ule wa antena wa aina ya RG-58 unapoteza karibu desibeli 0.2 kwa kila mita, kwa hiyo mita 15 zinapunguza nguvu nusu. Wati 6 zinafika juu zikiwa 3. Bado unashinda, kwa sababu ya kimo.

Angalia kwanza kama antena ya redio yako inafunguka na ina skrubu ya aina gani. Waya wa mlingoti kwa kawaida unaishia na plagi ya PL-259. Nunua kipande cha waya laini cha sentimita 30 chenye kichwa cha redio yako upande mmoja na tundu la SO-239 upande wa pili. Adapta ngumu ya chuma iache dukani: waya mzito ukining'inia hapo unang'oa tundu la redio. Kamwe usibonyeze kutuma antena ikiwa haijafungwa, unaweza kuunguza transista ya mwisho. Na ile antena fupi ya mpira ikae mfuko mmoja na redio, maana mlingoti ukianguka ndiyo utakayorudia.

SWALI: Kituo chetu cha kuzamia kimenunua redio tatu, na ndani ya mwaka betri mbili hazishiki chaji. Tunazioshea maji ya bomba kila jioni. Tunakosea wapi?
*Kilindoni, Mafia*

JIBU: Kuosha ni sawa, mradi msitumie maji ya presha. Tatizo tunalolishuku ni joto na chaja. Redio iliyoachwa juani nyuma ya kioo cha usukani inapata joto linaloua betri ya lithiamu taratibu, na redio inayokaa kwenye chaja usiku na mchana juu ya joto la Mafia inakufa haraka zaidi. Betri hizi hukaa muda mrefu zikihifadhiwa kwenye nusu ya chaji. Lakini redio ya akiba yenye nusu ya chaji ni akiba nusu. Kwa hiyo kubalini hasara: ijazeni, itoeni kwenye chaja, iwekeni kivulini, na mnunue betri mpya kila baada ya miaka mitatu hivi hata kama ya zamani bado inaonyesha vibao vyote.

Kagueni pia miguso ya kuchajia. Ikiwa na utando wa kijani au mweusi, taa ya chaja itawaka huku betri haijai. Futeni kwa raba ya penseli, kisha kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa redio za kuchaji kwa USB, tundu likaushwe kabisa kabla ya kuchomeka. Umeme ukikutana na maji ya chumvi mle ndani unakula pini. Mkifungua betri, tazameni mpira unaozunguka mlango wake. Chembe moja ya mchanga hapo inainua mpira kiasi cha unywele, na maji yanapita. Futeni, pakeni grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya kujipaka yanaulainisha mpira mpaka unavimba.

Betri kavu za kisanduku zisikae ndani yake, zikivuja zinaharibu miguso. Ziacheni kwenye pakiti yao, ndani ya mfuko usioingiza maji, andikeni mwezi na mwaka, zibadilishwe kila kaskazi inapoanza.

Mwisho, fungeni vitufe kabla ya kuitia redio kwenye begi, mkijua kwamba kwenye redio nyingi kufuli hilo halikizuii kitufe cha kuzungumzia. Chupa ya hewa ikikiegemea, redio itatuma mfululizo, itaziba chaneli 16 kwa kila aliye karibu, na betri itakuwa imekwisha kabla hamjafika kwenye miamba. Kitufe kikae kimetazama upande wenye taulo.